Maneno ya Rosaire Pembeni mwa Kurasa

Rosaire Theriault alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye Mashine Namba Nne ya kiwanda chetu cha karatasi, na kwa miaka hiyo yote sidhani kama aliongea maneno ya kujaza gazeti moja. Ukimuuliza hali ya karatasi, aliipapasa kwa kidole gumba, akaitikisa kidogo karibu na sikio, kisha akasema "imelowa" au "sawa". Basi. Na hakukosea, jambo lililonikera zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa chumba cha kukatia, na karatasi aliyosema imelowa ilitufikia ikiwa imelowa kweli.

Mimi ni Arlene Goodwin. Kiwanda hakipo tena. Kimebaki bomba la moshi na uwanja wa magugu kando ya mto, na mimi nakaa maktaba ya mji siku tatu kwa wiki nikiwasaidia wazee wenzangu na kompyuta. Silipwi, kwa hiyo siogopi kumwambia mtu ukweli. Na ukweli wa kwanza niuseme hapa hapa: kosa lililompata Rosaire lilitoka mkononi mwangu.

Ana mtoto mmoja tu, Mireille, anayefundisha chuo huko New Mexico, mbali na Maine kiasi kwamba akipiga simu sisi tumevaa makoti yeye yuko kibarazani na miwani ya jua. Mama yake, Claudette, alipokuwa hai, simu ilikuwa yake. Alizungumza saa nzima, akacheka, akalia, na mwisho akasema, "Papa yako anakusalimu." Rosaire alikuwa ameketi palepale mezani na hajafungua mdomo. Claudette alipofariki kwa kiharusi, hakukuwa tena na mtu wa kupeleka salamu. Baba na binti wakawa wanapigiana kila Jumapili na kuambiana hali ya hewa. Dakika sita, saba, wamemaliza.

"Una hamu naye?" nilimuuliza siku moja.

"Ana kazi yake," akasema.

"Sikukuuliza kazi yake, bwana. Nimekuuliza wewe."

Akanywa kahawa yake hadi chini, akaangalia dirishani. "Kila siku," akasema. Kwa Rosaire, hiyo ilikuwa hotuba.

Mwezi wa kwanza mwaka jana, Mireille alimtumia faili. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu kiwanda chetu, kurasa mia tatu na kumi na mbili, toka walipozuia mto hadi siku mashine zilipouzwa kama vyuma chakavu. Barua yake ilikuwa fupi. "Papa, soma. Niambie nilipokosea. Andika pembeni tu ya ukurasa, kama kwenye daftari la zamu. Nahitaji maoni yako kabla mwezi wa nne haujaisha."

Rosaire akaja maktaba theluji imemjaa kofiani. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Haifunguki," akasema.

"Nini haifunguki? Mlango? Kopo la maharage? Sema, mzee, nisaidie nikusaidie."

Kumbe ni programu ya kusomea faili. Kompyuta yake ilikuwa moja ya zile tulizostaafisha maktaba, nzito kama jiwe la kusagia, na ile programu kubwa inayotumiwa na kila mtu ilichukua dakika nne kuamka. Ikishaamka, inadai jina lake, anwani yake, na kama angependa kulipia kila mwezi ili aruhusiwe kuzungusha ukurasa. Rosaire alikuwa ameiandikia jina lake mara tatu. Alidhani ndiyo adabu.

Nikaenda kwake nikamwekea nyingine, ya bure. Picha yake ni jani jekundu, kwa hiyo sisi maktaba tunaiita Jani. Mimi na Jani tulikuwa tumependana muda mrefu. Ni ndogo, inafunguka kabla hujakaa sawa kitini, haiulizi jina la mtu, haina matangazo ya dawa za magoti. Inakuza herufi hadi kipofu nusu asome, na inakumbuka ukurasa ulioishia. Ilitengenezwa na watu wasiojulikana wanaofanya kwa kupenda tu, na mimi, nikiwa mtu wa kujitolea, niliwaamini kama ndugu. Nikamwonyesha Rosaire: bofya hapa, kisanduku cha manjano kinatokea pembeni, andika humo, funga. Kesho ukifungua, kipo.

"Kipo?" akauliza.

"Kipo. Nakuapia."

Hapo ndipo nilipojifunga kitanzi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo ya Jani, watengenezaji wake waliandika waziwazi jambo fulani. Sikuusoma. Mtu aliyefanya kazi ya mashine miaka ishirini na miwili hasomi maelekezo.

Rosaire akaandika toka mwezi wa kwanza hadi wa nne. Kwa vidole viwili. Nilipita kwake asubuhi kadhaa kumpelekea mkate, nikamkuta mezani jikoni, mabaki ya chapati zake za ploye yamepoa kwenye sahani, uso umekaribia kioo. Sikumchungulia. Siku ya kwanza anafungua faili nilikuwepo, nikaona kurasa chache, nikaona na ule ukurasa wa mia mbili na tatu kwa sababu alikwenda nao moja kwa moja, kama mtu aliyeambiwa jina lake limetajwa mahali.

Mireille alikuwa ameandika hivi: "Baba yangu alivuka mstari wa wagomaji na kuingia kazini wiki ya kumi na tatu ya mgomo. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na nimeacha kuuliza."

Lazima niseme na langu. Mwaka ule wa mgomo nilikuwa getini, na bango mkononi, na tumbo likiunguruma. Rosaire alipopita mbele yetu Jumatatu ile akiwa na kopo lake la chakula, mimi ndiye niliyepiga kelele "Msaliti!" kwa sauti ya juu kuliko wote. Mgomo ulipokwisha tukarudi kazini chini ya paa moja, na sikumsemesha kwa miaka kumi na tisa. Karatasi yake ilinifikia kila siku. Neno langu halikumfikia. Tulianza kuongea siku kiwanda kilipofungwa, tukiwa tumesimama uani tukitazama geti likifungwa mnyororo, akasema, "Basi," nami nikasema, "Basi." Sababu yake sikuiuliza hata hapo. Mtu akishavuka, amevuka.

Mwisho wa mwezi wa nne, barabara zote zikiwa matope, alikuja maktaba na kifaa kidogo cha kuhifadhia faili, amekifunga ndani ya leso.

"Mtumie," akasema. "Nimemaliza."

"Umeandika mangapi?"

"Mia mbili arobaini na moja."

Nikamtazama. Rosaire Theriault, maneno ya kutosha vijisanduku mia mbili arobaini na moja! Alikuwa amenyoa ndevu, siku ya kazi, kwa ajili ya kutuma faili. Nikakichomeka kile kifaa, nikaiambatisha faili kwenye barua pepe, nikaituma. Sikuifungua. Kiwandani kwetu daftari la zamu lilikuwa na heshima yake. Msimamizi wa mashine aliandika pembeni yaliyotokea, wa zamu inayofuata akasoma, akatia herufi za jina lake chini, akaingia kazini. Asiyehusika hakuligusa. Na aliyeandika hakumuuliza mwenzake, "Umesoma?" Kumuuliza hivyo ni kumwambia ni mzembe. Ukitaka kujua kama amesoma, unaangalia mashine inakwendaje.

Jibu la Mireille lilikuja baada ya wiki moja. "Papa, nimeipata. Asante kwa kuisoma yote. Nakupenda."

Rosaire aliniomba nilichapishe. Akalikunja, akalitia mfuko wa shati.

"Ametia sahihi," akasema.

Akaanza kungoja. Hakusema anangoja, ila nilimwona. Jumapili simu ikilia ananyanyuka kabla ya mlio wa pili. Wanaongea joto la New Mexico, mvua ya Maine, mbu. Kisha anarudisha simu mahali pake na kukaa anaitazama. Mwezi wa tano ukaisha, wa sita, wa saba. Alipungua. Suruali ikawa inashikwa na mkanda peke yake.

"Amesemaje kuhusu uliyoandika?" nikamuuliza.

"Hajasema."

"Muulize, basi! Una mdomo wa mapambo?"

"Amesoma, Arlene. Anajua. Kama ameona halistahili jibu, ndiyo jibu lake."

"Kichwa kigumu wewe."

"Ndiyo," akasema.

Huko New Mexico, nilikuja kujua baadaye, binti naye alikuwa anasononeka hivyo hivyo. Alilelewa nyumba ileile, kwa daftari lilelile. Alikuwa amemwekea baba yake swali la miaka ishirini na saba kwenye ukurasa, akampa miezi minne, na alichorudishiwa ni ukurasa mweupe. Alifikiri: Papa amesoma, amenyamaza, basi hataki. Akajikaza, akaandika nakupenda, akaendelea na kazi. Kila Jumapili kila mmoja alikuwa anampa mwenzake nafasi ya kuanza.

Mwezi wa nane nilikwenda kumrekebishia mashine ya kuchapia, iliyokuwa inameza karatasi. Kompyuta ilikuwa wazi. Nikaona kitabu cha Mireille, na pembeni mwa kila ukurasa, manjano. Manjano juu, chini, mengine yamepangana matatu matatu. Sikusoma, lakini nilisimama pale nikashangaa. Mtu gani anapokea vitu vile na kujibu kwa mstari mmoja? Mireille ninamjua toka akiwa na mapengo. Si mtoto wa hivyo.

Nikarudi maktaba mbio, nikafungua barua pepe tuliyotuma mwezi wa nne, nikafungua faili iliyokuwa ndani yake.

Nyeupe. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, hakuna hata nukta ya manjano.

Nikaenda kwenye yale maelekezo ambayo sikuyasoma. Watu wale wema waliotengeneza Jani walikuwa wameandika, kwa herufi nene kabisa: maelezo ya msomaji huwekwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, hayaingii ndani ya faili, ukituma faili, unatuma faili tupu. Waliona ni ulinzi wa siri za mtu. Na njia ya kuyatoa yale maelezo na kuyatuma, waliandika, bado hawajaitengeneza, tuwavumilie. Niliwatukana. Kisha nikajitukana mimi, maana wao walisema, aliyeapa ni mimi.

Nikamkuta Rosaire anamenya viazi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, koti sijavua. Aliendelea kumenya hadi kiazi kikaisha. Akakiweka majini.

"Hakuyaona," akasema.

"Hakuona hata moja."

"Ukurasa wa mia mbili na tatu?"

"Mtupu, Rosaire. Amepata mtupu."

Akakaa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kama ulivyofanya wa kwake, furaha na msiba vikigombea kiti kimoja. Miezi mitatu na nusu alikuwa amekubali kwamba binti yake amemsoma na kumpa mgongo. Sasa anaambiwa hakupewa mgongo, ila binti amekaa miezi hiyo yote akidhani yeye ndiye aliyempa.

"Mpigie," nikasema.

"Leo si Jumapili."

"Mpigie, we mtu, kabla sijakupiga na hicho kisu!"

Akapiga. Mireille aliitika mara moja, na sauti yake ilijaa hofu. "Papa? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema Rosaire. "Kaa chini usikilize."

Alifungua mdomo, akafunga. Nilimwona akihangaika hadi nikaumia mimi. Mwishowe akaisogeza simu karibu na kompyuta, akakwenda ukurasa wa mia mbili na tatu, akabofya alama ya spika juu ya kisanduku. Jani husoma kwa sauti pia. Kuna mwanamke humo ndani, sauti nyororo isiyo na pumzi, anayesoma hati ya nyumba na barua ya mapenzi sawasawa. Akaanza: "Mama yako alikuwa na..."

"Papa, nani huyo?"

"Programu."

"Inasoma nini?"

"Nilichoandika. Niliandika. Hayakufika."

Kisha Mireille akasema, taratibu, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, "Mzime huyo mwanamke. Nisomee wewe."

Nikainuka nitoke. Rosaire akanionyesha kiti kwa kidole, nikakaa. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti yake, polepole, kama anavuta gogo.

"Mama yako alikuwa na uvimbe kwenye titi. Bima ya matibabu ilikatika mgomo ulipoingia mwezi wa tatu. Daktari wa mjini Bangor alisema asingoje. Niliingia getini Jumatatu, bima ikarudi siku ileile. Wakampasua Alhamisi ya wiki iliyofuata. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, kwa sababu ulikuwa hulali akikohoa. Aliwaambia watu ni nyongo. Alikaa nasi miaka ishirini na miwili baada ya hapo. Ningevuka tena. Umeandika umeacha kuuliza. Mimi sikuacha kutaka kukujibu."

Nyongo. Nilikumbuka. Mwaka ule tulisikia Claudette amepasuliwa nyongo, na mtaa mzima, mimi nikiwa mbele, hatukumpelekea hata bakuli la supu. Mke wa msaliti. Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni, na sikuwa na pa kuiweka. Nikachukua kisu nikaanza kumenya viazi vyake.

Mireille alikuwa analia, tulimsikia. "Kwa nini hukuniambia, Papa?"

"Nilikwambia," akasema Rosaire. "Mwezi wa nne."

Mireille akaanza kucheka katikati ya kilio, kicheko cha Claudette kabisa, na Rosaire akaziba macho kwa kiganja. Alipotulia, Mireille alisema kurasa zilikuwa zimeshafungwa wiki ile, kitabu kiko kwa mpiga chapa, hawezi kugusa tena hata mkato. Kitabu kilitoka kama kilivyokuwa. Ukikifungua leo, ukurasa wa mia mbili na tatu bado unasema hakuna aliyewahi kumweleza.

"Yako mangapi?" akauliza Mireille.

"Mia mbili arobaini na moja."

"Yote nisomee. Usitume. Usinitumie picha. Nisomee."

Hivyo ndivyo wafanyavyo sasa, Jumapili, manne au matano kwa simu moja. Kuna ya mashine, kuna ya Claudette alivyocheza dansi kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi akiwa na mimba, kuna kisanduku kimoja kinachosema tu "siyo 1974, ni 1975". Hali ya hewa wameiacha. Mireille alikuja Krismasi siku nne, na alipoondoka Rosaire alikaa amevaa koti ndani ya gari baridi hadi nikaenda kumgongea kioo. Aliniambia bila kuulizwa kwamba kuongea kumemwongezea hamu, hakukuipunguza. Zamani alikuwa na hamu ya mtu asiyemjua vizuri.

Wiki iliyopita, mwaka na kitu tangu simu ile, nilipita kwake asubuhi. Nilikuwa nimepiga hesabu njiani: kwa manne au matano kila Jumapili, yale maandishi yalitakiwa yawe yameisha, na niliogopa nitamkuta katika hali gani. Nilimkuta kwenye kompyuta, uso karibu na kioo, vidole viwili vikigonga. Jani lilikuwa wazi kwenye kitabu kilekile, kisanduku kipya cha manjano kikijaa. Pembeni chini, hesabu ya visanduku ilisomeka mia tatu na nne.

"Rosaire," nikasema, "kitabu si kimeshatoka?"

Hakugeuka.

"Hajui kwamba yale ya mwanzo yalikwisha mwezi wa nane mwaka huu," akasema. "Usimwambie."